Majitu ya Ubohoni

Haya ni kweli tupu, na kama nimetia chumvi, chumvi hiyo inikwame kooni.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amelazwa hospitalini, fizi zinachuruzika damu, miguu ina vidoa vya zambarau kama aliyerushiwa wino. Mimi, ambaye ukoo mzima unaniita Redio kwa kuwa sizimiki, nilikaa kando ya kitanda nikimfundisha ugonjwa wake. Nilistaafu ushonaji, na tangu hapo vitabu vya tiba havinipiti.

"Ndani ya mfupa, kwenye uboho, kuna majitu," nilimwambia. "Seli nyingine zikikua hujigawa. Jitu halijigawi. Linarudufu yaliyo kiinini, linarudufu tena, linavimba tu, majirani wakaonekana kunguni. Likikomaa, linasogea kwenye ukuta wa mshipa, linapenyeza mikono ndani ya damu, na mikono ile inakatika vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Ndivyo vinavyoziba kila tundu mwilini."

"Na jitu lenyewe?"

"Linabaki kiini, uchi wa mnyama. Wanakuja walafi wa humo humo, seli zinazokula mabaki, wanakimeza."

Alilamba damu mdomoni. "Yangu yamekwenda wapi, kaka?"

Nikamfuta kidevu kwa leso. Daktari alikuwa ametuambia kwamba uboho wake, chini ya hadubini, ni kama nyumba iliyohamwa. Dawa ya kuyaamsha majitu ameshaanza, lakini mpaka ifanye kazi anaishi kwa chembe za watu. Zikikosekana, damu inaweza kuvujia kichwani.

Wa kundi lake la damu tulikuwa wawili: mwanawe, na mimi. Mwanawe alikuwa ametoa mfuko mmoja, ukawa unasubiri maabara. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kuwa nimetoa juzi, kwenye gari la kuchangia damu.

Mchana huo umeme ukakatika. Kule maabara mfuko wa chembe hulazwa kwenye mashine inayoyumba muda wote, maana zikitulia sana huharibika. Nilikuwa nimekwenda kuuulizia, binti wa maabara akanikabidhi.

"Mzee, bembeleza hivi, polepole. Namfuata fundi wa jenereta. Usiuweke popote."

Nikabembeleza ule mfuko wa manjano. Chumba kikawa tanuri. Nikajiambia: damu hukaa kwenye friji, nani asiyejua? Huyu binti ataniozeshea mali! Friji ya damu ilikuwa hapo hapo, baridi yake haijatoka. Nikaulaza ndani, nikaenda dirishani kupunga upepo, upepo ukaninogea.

Viatu viliposikika koridoni nikauchomoa, nikabembeleza kwa bidii ya yaya mgeni.

"Hukuuweka mahali?"

"Haki ya nani! Mkono umekufa ganzi."

Aliuinua kwenye mwanga, akauzungusha kidogo. Chembe nzima, alisema, huzunguka zikimeta kama moshi juani. Nilikodoa macho. Mle hamkuwa na moshi wowote, ni ukungu uliosimama tu. Akaugusisha shavuni.

"Mbona baridi, mzee?"

"Baridi inazikunja zikawa mviringo. Zikiingia mwilini hivi, ini linazifagia zote. Huu ni wa kutupa."

Hajamaliza, mpwa wangu akaingia mbio, shati lina damu. "Pua ya mama imefunguka! Haizibiki!"

"Nani mwingine wa kundi lake?"

"Mjomba. Lakini katoa juzi."

Binti akanikunjia mikono ya shati. Akatafuta alama ya sindano kwenye kiwiko kimoja, akatafuta cha pili, hakuna.

"Juzi? Kwa mkono wa nani?"

Mpwa alinitazama, na macho yale ni ya mama yake.

Nikakaa kwenye kiti cha kutolea damu. Mshonaji anayeogopa sindano, cheka utakavyo. Jenereta likakohoa, mashine ikaanza kuzunguka, ikawa inanivuta damu, inachuja chembe, inanirudishia iliyobaki. Midomo ikanichonyota, binti akasema ni dawa ya mashine ya kuzuia damu isigande. Nilihisi, naapa, majitu yangu yakijikokota ukutani, moja baada ya jingine, kwenda kukatwa vipande.

Ng'ambo ya korido sauti nyembamba ya mdogo wangu iliita, "Redio? Mbona kimya?"

Nilitaka kujibu. Binti akaniwekea kidole mdomoni, macho yake kwenye mfuko, ambao ulikuwa ndio kwanza unapata rangi.

Sauti ile haikuita tena. Nikakunja ngumi, nikakunjua, nikakunja, ili damu iende haraka.