Pampu Iliyolishwa Dilka

"Basi beseni libaki limekufa," Hawah alisema, "na maharusi ya Koboko waogee wapi, ndani ya jerikeni?"

"Sikusema libaki limekufa. Nimesema litengenezwe."

"Kitu ya miaka kumi unatengeneza nini? Kizee hata ukimpaka wanja, iko kizee tu."

"Hilo wewe ndiye unalijua zaidi," wifi yake, Afisa, akajibu.

Fundi Taban, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni, alicheka puani, kisha akajikoholesha.

Mawifi hao walisimama kila mmoja upande wake wa beseni la mapovu, lile ambalo wenye mahoteli huliita jakuzi. Lilitosha watu wanne, na chini yake palifichwa pampu ya kuzungusha maji moto na kuyapulizia mapovu. Shirika moja la wageni lilipofunga nyumba yake Koboko, Hawah alilinunua beseni hilo, akalileta mjini Arua na kumpa Afisa zawadi mbele ya wanawake wote wa ukoo. Tangu siku hiyo hakukupita Idi bila kumkumbusha.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Awindiri ilikuwa ya marehemu baba yake Hawah. Afisa aliingia humo kama mke wa Swadiki, kaka yake Hawah, na chumba hiki cha nyuma alikabidhiwa na mama mkwe mwenyewe. Humo ndimo maharusi wa Kinubi huandaliwa. Kwenye kona kuna shimo la dukhani: bibi harusi hukaa juu yake kwenye kigoda, amefunikwa blanketi, moshi wa mgunga unampanda mpaka ngozi inageuka rangi ya asali. Kisha anasuguliwa dilka, rojo zito la unga, msandali na mafuta. Afisa alikuwa na stashahada yake ya chuo kabatini, lakini kilichosomesha watoto wake wanne ni shimo hilo.

Hawah alivuta futi kutoka mkobani, akapima kuanzia ukutani.

"Jipya nitaleta iko ya watu sita. Litakaa mpaka hapa." Akakikanyaga kifuniko cha shimo. "Hii tunafukia. Watoto ya siku hizi hawataki kunuka moshi."

"Shimo hilo alilichimba mama yako."

"Mama alikufa. Nyumba iko ya baba."

Afisa alimwelewa vizuri. Mtu wa kuchomeka waya wa jakuzi ukutani hupatikana popote. Shimo likifukiwa, chumba hiki hakitamhitaji tena, na wifi yake angemtia humo yeyote amtakaye.

"Mama Hasifa," Taban alimwita Afisa, "njoo uone mwenyewe."

Alikuwa ameifungua pampu. Akaiinamisha juu ya karai, akaigonga kwa kipini cha bisibisi. Kikadondoka kitu cha kahawia, kizito kama uji uliolala, na chumba kizima kikanukia msandali na karafuu.

"Dilka," Taban alisema. "Mulikuwa munalisha pampu dilka."

Hawah akacheka. "Nani anapaka watu dilka hapa? Mimi?"

"Nani aliwaambia maharusi waingie majini bado wanang'aa, wapigwe picha mapovuni?"

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Siku zote hizo Afisa alikuwa amesimama papo hapo, taulo mkononi. Mama mkwe alimfundisha kwamba dilka husuguliwa mpaka ikauke na kupukutika yenyewe, na siku hiyo haikutanishwi na maji. Alijua, akanyamaza, maana mapovu yalileta watu na Hawah alikuwa na mdomo. Kosa lilikuwa lake pia, na lilimkera kuliko la wifi yake.

"Ukiitengeneza itafanya kazi?" alimuuliza Taban.

"Itafanya. Lakini mutu ya dilka asiingie tena hata mmoja."

"Na jipya?"

"Jipya iko na tumbo ile ile. Mukilisha hivi, miaka mbili nakuja kulala hapa chini tena."

"Basi dilka iachwe," Hawah alisema. "Wanakuja kwa mapovu."

"Wanakuja kwa ngozi. Mapovu hata sabuni inayo."

"Afisa, nimeshaambia watu ya Koboko jipya iko njiani. Usiniaibishe."

"Ulitangaza harusi kabla ya kuposa. Aibu ni yako."

Afisa akavua kandambili, akaingia ndani ya beseni, akapiga sakafu yake kwa kisigino, huku na huku. Halikulia ufa.

"Taban, bila pampu hili ni nini?"

"Beseni tu. Kubwa."

"Ukitoboa tundu pana hapa chini, mabaki ya dilka yatapita?"

"Hata posho ya kusonga itapita."

"Maji ya kuwaogesha siku ya pili nitachemsha kwenye masufuria. Kata mabomba yote."

"Taban, usiguse," Hawah alisema. "Kitu iko yangu. Napigia Swadiki sasa hivi."

"Mpigie. Mwambie umekuja kufukia shimo la mama yenu. Na mwambie zawadi uliyotoa mbele ya watu unaidai."

Hawah alishika simu. Kidole kilikaa juu ya kioo bila kushuka. Taban naye alikaa na msumeno mkononi, akimtazama huyu, akimtazama yule.

Afisa akatoka ndani ya beseni, akamnyang'anya msumeno. Alipiga magoti, akaanza na bomba nene. Plastiki ilikuwa imekauka kwa umri, haikumsumbua. Likakatika, maji machafu yakamwagika yakalowesha viatu vya Hawah, ambaye hakurudi nyuma.

"Utanitafuta," Hawah alisema.

"Koboko si mbali."

Akakata la pili na la tatu. Akaitia pampu katika gunia, akaibeba mwenyewe mpaka nje, akafungua buti la gari la wifi yake, akailaza humo na kufunga. Aliporudi, Taban alikuwa ameshachomeka drili na tundu la beseni limeanza kufunguka.