Nyangumi wa Upande wa Mkwe

Ambakisye wa Ikinga hakuwa na meno ya upande wa kushoto, hakuwa na koti la mvua, hakujua kuogelea, na maji mapana kuliko Mto Songwe wa masika hakuwahi kuyaona. Cheti alikuwa nacho kimoja, cha kisomo cha jioni. Hata hivyo, mwanawe Aliko, fundi mitambo wa boti ya watalii kwenye visiwa vya mbali vya volkano, alipomwalika, mzee alifunga tai akaenda.

Aliondoka na deni la maneno. Alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba nyangumi hunyonyesha, na Jairo, karani mstaafu, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Samaki anyonyeshe? Hicho kisomo cha jioni mlikuwa mnasinzia, mwenzangu!"

"Nitaona kwa macho yangu, nikuandikie."

"Ukiona, barua naisoma mbele ya wazee wote, na shikamoo nakuamkia mpaka nife."

Kumbe botini alikuwemo pia Gwantwa, mke wa Aliko. Katika ukoo wao baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani wala hawasemeshani. Basi mzee akakaa ameelekea kushoto, Gwantwa kulia. Kulia kukatokea kasa, sili na pomboo. Kushoto kulikuwa na miamba myeusi, na ndege mmoja aliyejisaidia juu ya tai.

Siku ya mwisho watalii walipiga kelele, boti ikalalia kulia.

"Baba! Nyangumi na mtoto wake! Geuka!"

"Mkeo yuko upande gani?"

"Hukohuko kwa nyangumi."

"Mwambie nyangumi azunguke."

"Baba, huyu si mbuzi!"

Gwantwa akajifunika kanga gubigubi, ameacha upenyo wa jicho moja kuelekea baharini. "Baba Angel, mwambie baba nimejificha, atazame tu."

"Mwambie kanga si ukuta," akajibu mzee, shingo ikimtetemeka kwa hamu. Akafumba macho kabisa. Alipoyafumbua, nyangumi alikuwa amezama.

Waliposhuka gatini, mzee alitoa karatasi akaandika, "Nime..." Kalamu ikagoma. Nani angejua kwamba hakuona? Yeye mwenyewe angejua. Akaikata ile "Nime", akamwita mwanawe.

"Mila imekataza macho na mdomo. Wino je?"

"Wino sijasikia, baba."

"Mpelekee mkeo hii, aandike alichoona."

Karatasi ikarudi imejaa. "Mtoto alijibana tumboni kwa mama yake," Gwantwa aliandika, "maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Mama alitulia mpaka mwanawe aliposhiba. Nilimkumbuka Angel alipokuwa mchanga."

Mzee alisoma mara mbili. Alitafuta kosa la kusahihisha, asilipate, akaudhika kidogo. Kisha akaandika chini yake:

"Karani Jairo, mimi sikuona kitu. Aliyeona ni mkwe wangu Gwantwa, na neno lake nalisimamia. Ile shikamoo mwamkie yeye."

Akalamba gundi ya bahasha, akaigandamiza kwa ngumi, akaitumbukiza katika sanduku la posta la kisiwani.