Safu ya Hali

Mama anaamini kompyuta ni mtu. Alikuwa amekaa wodini kando ya kitanda cha mdogo wangu, na kila baada ya kitambo alinipigia simu kuuliza jambo lile lile.

"Mwanangu, hebu iulize tena hiyo kompyuta. Iulize vizuri."

"Nimeiuliza, mama."

"Umeiuliza kwa hasira. Nakujua wewe."

Mimi ndiye msimamizi wa hifadhidata ya benki ya damu, ghorofa ya chini ya hospitali hiyo hiyo. Mdogo wangu alikuwa juu ya kichwa changu, ghorofa ya pili, na uvimbe tumboni uliotakiwa kutolewa kesho yake asubuhi. Damu yake ni kundi O hasi, na mwenye damu hiyo hapokei nyingine yoyote. Mimi na mama si wa kundi hilo, na kwenye friji yetu hapakuwa na hata mfuko mmoja. Daktari mpasuaji alishasema wazi kwamba bila damu hashiki kisu, na kwamba uvimbe wenyewe hauna subira.

Kazi ya kutafuta wachangiaji ni ya mwenzangu, tunayemwita Fagio kwa kuwa hawezi kuona kitu akakiacha bila kukisafisha.

"Mfumo umeleta watatu," aliniambia.

"Si uwapigie basi!"

"Nimeshawapigia. Wote wamehama. Mmoja yuko nchi nyingine kabisa. Lakini tumesalimiana vizuri."

Nilihesabu pumzi zangu ili nisimrukie. Jedwali letu la wachangiaji lina maelfu ya watu. Haiwezekani wa kundi hili wawe watatu tu, na wote watatu wawe wameshafungasha virago. Nikamwambia anionyeshe alichoiandikia kompyuta, naye akanigeuzia skrini shingo upande.

Fagio hupenda kuandika kwa madoido, kwa hiyo ilibidi nichambue. Nipe wachangiaji wote ambao kundi lao ni O hasi. Sawa. Na ambao safu ya Hali si "Amefariki". Hilo lilikuwa geni kwangu.

"Hili umeliongeza lini?"

"Juzi juzi. Nilimpigia mchangiaji, simu akapokea mjane wake. Yule mama alinisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Sirudii tena."

Safu ya Hali ina maneno matatu ya kuchagua: Hai, Amefariki, Amehama. Nikalifungua jedwali lenyewe. Waliofariki walikuwa wameandikwa. Waliohama walikuwa wameandikwa. Waliobaki wote, kuanzia juu mpaka chini, safu yao ilikuwa tupu, nyeupe pee.

"Fagio, hawa wote wako wazi."

"Ndiyo, na patupu si 'Amefariki'. Hata mtoto wa chekechea anajua. Sasa kwa nini isiwalete?"

"Kwa sababu ukiiuliza kama patupu ni tofauti na 'Amefariki', haikujibu ndiyo wala hapana. Inakujibu haijui. Na asiyejulikana haletwi. Lazima uitamkie mwenyewe: nipe na walio wazi pia."

"Basi haina akili hiyo."

"Ina akili. Sisi ndio tunaoiuliza ovyo."

Nikaandika upya, wasio "Amefariki" pamoja na walio wazi. Safari hii majina yakajaa nusu skrini. Nilitaka kucheka nikashindwa. Siku zote hizo mfumo ulikuwa unatuletea waliotukimbia tu, na sisi tumekaa tunaamini mji mzima umeishiwa watu.

"Anza kupiga," nikamwambia Fagio.

"Na nikipokewa na mjane mwingine?"

"Umpe pole, upige namba inayofuata!"

Mimi nikaenda mapokezi huku damu inanichemka. Karani wetu wa mapokezi tunamwita Bi Tahadhari, na jina limemkaa. Havuki korido bila kuangalia pande zote mbili.

"Dada yangu," nikamwambia, "kwa nini huandiki Hai?"

Aliivua miwani taratibu. "Niandikeje mtu yuko hai na keshatoka mlangoni?"

"Lakini alikuwa mbele yako! Anapumua! Kakusalimia!"

"Alikuwa. Ile barabara pale nje unaiona magari yanavyopita? Akifa wakinipa habari, naandika. Akihama akiniaga, naandika. Nisichokijua nakiacha wazi."

Yeye na kompyuta walikuwa wanasema kitu kimoja, kila mmoja kwa utulivu wake, na katikati yao alikuwepo mdogo wangu, hana damu.

Niliporudi, Fagio alikuwa ameshamaliza kupiga. Wengi walikuwa wametoa damu siku za karibuni, haikuruhusiwa watoe tena. Wengine simu hazikupatikana. Mmoja alikuwa na homa.

"Kabaki mmoja," akasema, "ila huyu sijampigia."

"Unangoja nini?"

"Soma mwenyewe."

Nikasoma. Majina mawili ya mtu huyo ndiyo majina yangu mawili ya mwisho.

Baba aliondoka nyumbani mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Fomu za shule zilipouliza kama baba yu hai au amefariki, nilimsomea mama swali hilo kwa sauti, naye bila kugeuka akasema, "Acha wazi." Nikaacha wazi. Mwaka uliofuata sikuuliza tena. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa akiingia jengo hili hili, anakunja mkono wa shati, anawatolea damu watu asiowajua, anaondoka zake. Nilikasirika, nikaipiga namba yake mwenyewe.

Akapokea. Nikamwambia napiga kutoka benki ya damu, kuna mgonjwa wa upasuaji.

"Mgonjwa gani?" akauliza.

Kanuni zinatukataza kutaja. Nilimtajia, majina yote matatu.

"Nakuja," akasema.

Sijaiweka simu chini, mama akapiga.

"Imesemaje?"

"Amepatikana mmoja, mama."

"Afadhali! Ni nani huyo tumshukuru?"

"Mama, unakumbuka zile fomu za shule? Pale uliponiambia niache wazi."

Sauti za wodini zikasikika, vyombo vinagongana, mtu anakohoa. Kisha mama akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Kwani yu hai?"

"Yuko njiani."

Aliingia na kofia mkononi, mfupi kuliko nilivyomweka kichwani miaka yote. Nilisimama mlangoni mwa ofisi yangu na maneno mengi makali niliyoyaandaa, nikampisha tu apite. Alinitazama kidogo, akatazama chini, akamfuata muuguzi. Mfuko ulipojaa ukapelekwa kupimwa, nao ukapita. Daktari akaniambia asubuhi watamwingiza mdogo wangu kabla ya wengine wote.

Baba alikuwa bado amekaa kwenye benchi, anakunywa juisi wanayopewa wachangiaji. Bi Tahadhari alikuwa anajaza taarifa zake kwenye mfumo. Tarehe. Kundi. Alipofika safu ya Hali akairuka, kama kawaida yake. Nikapitisha mkono juu ya kaunta, nikashika kipanya, nikachagua mwenyewe: Hai.

Bi Tahadhari akaguna. "Na akishatoka mlangoni?"

"Nitampigia kumuuliza," nikasema. "Namba yake ninayo."