Pole ya Kinyozi

"Inamisha kichwa," kinyozi akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi, maana shingo ile aliijua. Lile kovu nyuma ya sikio ni la maji ya moto, siku aliyomwacha na sufuria dakika moja tu. Mjukuu wake wa kike. Miaka minne hajamtia machoni, leo huyu hapa kitini, kuruta wa Wazimanyota.

Hao Wazimanyota, usiombe ukutane nao. Wapiganaji wenye uchu wa ukubwa, chombo chao kikubwa kama mji mzima kinaelea huko juu angani, na wakichukia watu wa nyota fulani wanaizima, fyu, kama unavyozima kibatari. Kinyozi walimbeba na kiti chake na wembe wake. Ukidhani walimtakia nywele, umeliwa. Kazi yake ilikuwa hii: katikati ya kunyoa ajikate kidole, agune. Kuruta akisema "pole", basi, huyo moyo bado laini, anapelekwa mlango wa nje, ule ambao ng'ambo yake hakuna pa kukanyaga. Akinyamaza, anavishwa joho. Vidole vya mzee vilikuwa vimechanjika kama kibao cha kukatia nyama.

Na mtoto huyu, jamani! Alikuwa anaipa pole hata meza akiigonga.

Amwonyeje? Mlinzi kasimama pale pale, joho begani, unamsikia hata anavyopumua.

"Kwenu wanajua uko huku?" mzee akauliza, kama mtu anayepiga soga tu.

"Nimekuja mwenyewe," binti akajibu. "Nimechoka kukanyagwa. Na mimi nataka niogopwe."

"Wewe? Si hata kuku akichinjwa ulikuwa..." Akajing'ata ulimi.

Mlinzi akainua uso. "Mnajuana?"

"Mkubwa, mimi vichwa vyote nimeshavizoea."

"Simjui," binti akasema. "Nyoa, mzee, unanichelewesha."

Mzee! Siyo babu.

"Haya, kata," mlinzi akasema, na yeye na kinyozi walijua kinachokatwa si nywele.

Nyamaza, mama, kinyozi akaomba kimoyomoyo. Nyamaza mwanangu, nakusihi. Wembe ukazama kuliko siku zote. Hakuhitaji kuigiza mguno. Damu ikadondoka, to, to, kwenye goti la binti. Akaitazama. Midomo ikaachana kidogo.

"Umenichafua," binti akasema.

Mlinzi akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mtu!" Akamvisha joho, na binti akatoka akikanyaga nywele zake mwenyewe, hakugeuka hata mara moja. Amepona. Kinyozi akashukuru, halafu ile shukrani ikamchachia. Huyo aliyepona alikuwa nani?

"Mwingine!"

Akaingia msichana wa mashavu manene, jasho linamtiririka, akakaa. Akaona kile kidole.

"Pole na kazi, ba..."

Mlinzi mlangoni alikuwa bado anakunja joho jingine. Akaanza kugeuka. Kinyozi akachota povu la sabuni kiganja kizima, damu na yote, akamziba nalo mdomo.