Waifai ya Nyumba ya Pili

Fundi wa kompyuta alikuwa na sheria moja aliyojivunia kuliko hata mikono yake: siri ya mteja haitoki. Ndiyo iliyompatia wateja mtaa mzima, na ndiyo iliyomfunga mdomo asubuhi ile, sebuleni kwa mama mjane.

Zamani kompyuta ya mama ilipata mtandao kwa waya uliopita dirishani kutoka kwa mwanawe, ukuta kwa ukuta. Baba alipozikwa wakagombea urithi, na mwana akaukata waya kwa koleo. Sasa mama amenunua kidude cha kunasa waifai ya mwanawe bila waya. Saa nne binti yake aliye ng'ambo anapasuliwa moyo. Sauti yake mama ameshaisikia jana kwenye kisimu chake cha vitufe, sauti ya mtu anayejikaza, na ndiyo maana anataka kuuona uso kwa video kabla hajaingizwa.

Fundi akapangusa vumbi nyuma ya mashine, akachomeka kidude. Programu yake ikagoma mara mbili, ya tatu ikakubali. Mtandao wa mwana ukatokea juu kabisa, na nguvu tele. Kisha kikaja kisanduku cha nywila.

"Namjua mwanangu," mama akasema. "Hapo ameweka jina la babake."

Likakataliwa. Akajaribu majina ya wajukuu, moja moja, kisha shule aliyosoma mwanawe, kisha timu anayoishabikia, akidonoa herufi kwa kidole kimoja.

Fundi alitazama kidole kile akaona uchungu, maana nywila aliijua. Aliiweka yeye mwenyewe Jumanne, mwana kasimama nyuma yake akisema, "Asipewe mtu. Hata mama."

"Mpigie umwombe," fundi akasema.

"Nimepiga tangu alfajiri. Hapokei." Mama akaitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita. "Baba, nyie mafundi hamna njia yenu?"

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wahenga walishasema, na fundi akajificha nyuma yao kama mtoto nyuma ya mlango.

"Hatuna, mama."

Uongo ulitoka laini, akajichukia. Mama akaendelea kudonoa. Mwisho akaandika jina lake mwenyewe, polepole, akabonyeza. Likakataliwa kama mengine, na hapo ndipo alipotoa mikono mezani.

Saa nne ikapita. Fundi alikusanya bisibisi zake moja moja, ingawa alikuwa ametumia moja tu. Mama akamsindikiza hadi mlangoni.

"Umenivumilia asubuhi nzima, na wala sikukuzaa," akamwambia. "Mungu akujalie watoto wenye moyo kama wako."

Fundi akaitikia amina, maana angefanyaje.