Ukuta wa Nanjing na Matofali ya Troyeville

Unaupita kila siku umegeuza uso. Usinikatalie. Ukitoka bafuni na ndoo yako unatazama kamba ya nguo, unatazama simu, unatazama mbingu. Ukuta wa uani huutazami. Nao umetoa tumbo kama mtu aliyeshiba. Kibanda cha bati kilichoegemea ukuta huo ndicho Angélique anacholelea watoto kumi na mmoja wa wasusi na walinzi wa jengo hili. Mvua za Novemba zimeanza. Ukuta ukilala, utalala juu yao.

Mimi Amosi, fundi cherehani, nilishajua wa kumlaumu. Sikupita darasa la saba, lakini sisahau: tangu tuhamie hapa Troyeville mwaka tisini na nne, wenye nyumba wanne wamepokezana jengo hili, na hakuna aliyeleta hata koleo moja la saruji. Jumatatu nikamwandikia mwenye nyumba barua ya moto, tuitie sahihi wote. Kabla sijaipitisha nikaenda Marshalltown, dukani kwa Mzee Gao, kuchukua zipu.

Juu ya makasha yake ya vifungo pana karatasi nyeusi yenye maandishi meupe ya Kichina. Miaka sita naiona, nikidhani ni dua ya biashara. Siku hiyo nikauliza.

“Hiyo ni tofali,” akasema. Tunaongea Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu.

“Tofali gani la karatasi, Mzee?”

“La Nanjing. Kwetu.”

Akanieleza. Walibandika karatasi juu ya tofali wakaipaka wino, herufi zikajitokeza. Nanjing ulikuwa mji wa wafalme. Zaidi ya miaka mia sita iliyopita mfalme aliamuru ujengewe ukuta, na matofali yakaletwa kutoka wilaya nyingi yakiwa yamepigwa mihuri ya majina: mfinyanzi, mchomaji, mkuu wa kijiji, ofisa wa wilaya. Tofali likipasuka, wanajua mlango wa kubisha.

Zipu nikazisahau. “Hata mfinyanzi? Ana jina lake mwenyewe?”

“Lake mwenyewe.”

“Na leo linasomeka?”

“Wazee wanapita pale na ndege zao kwenye vitundu, wanayasoma. Chini ya ardhi sasa kuna treni, imeanza mwaka huu huu. Huku maghorofa, huku maghorofa. Ukuta upo.”

Nikawaza matofali yetu ya uani. Yana herufi tatu za kampuni. Waliokanyaga ule udongo hawakuachiwa hata nukta.

“Na haukuanguka?”

Mzee akapangapanga zipu ambazo zilikuwa zimeshapangika. “Tuliula sisi wenyewe,” akasema. Alipokuwa mdogo sehemu nyingine zilibomolewa, watu wakajibebea. Mama yake alijenga jiko na banda la kuku. “Kuku wetu waliishi na jina la ofisa wa mfalme!” Akacheka peke yake. Halafu, miaka ya tisini, mji ukatangaza: rudisheni. “Mama alikuwa na miaka sabini. Alibomoa jiko siku ileile, mimi nikasukuma mkokoteni. Majirani walichungulia kwanza. Baadaye tukasikia nyundo kwao.”

Niliporudi nikasimama uani kusoma barua yangu kwa sauti. Firmin, mwashi wa Kikongo, alikuwa amechuchumaa miguuni pa ukuta, anahesabu mashimo.

“Papa Amosi, mwenye nyumba ni mubaya, d’accord. Lakini hizi tofali hazikukimbia zenyewe. Arobaini na sita! Na za siku hizi ni nyembamba, haziingie.”

“Nani kaziiba?” nikafoka. “Nitamtaja mbele ya watu!”

Mke wangu Nomsa alikuwa anaanika nguo. Ni wa hapahapa. Kiswahili alikipata ukimbizini Morogoro enzi za ubaguzi wa rangi, na ulimi mkali pia. “Eish, Baba Chiku! Mtaje basi. Kitanda chetu kimesimama juu ya nini?”

Unajua mila ya hapa: kitanda huinuliwa kwa matofali ili tokoloshe, kile kibwengo kifupi, kisimfikie aliyelala. Wiki yetu ya kwanza Nomsa alinidai matofali, nami nikayang’oa manne kwa mikono yangu. Wageni wote tukaiga. Waliomcheka tokoloshe nao wakainua, wapate pa kusukumia marobota ya mitumba. Kumbukumbu yangu yote hii, na miaka kumi na moja nimelala juu ya jibu.

Watu walicheka. Angélique, mtoto mgongoni, hakucheka. “Papa, barua itashika mukuta leo?”

Barua nitaipeleka, sijamsamehe mtu. Lakini kitanda changu kiko sakafuni. Manne yale niliyaandika AMOSI NA NOMSA kwa chaki ya kushonea, upande wa ndani, Firmin akayazika kwenye saruji. Nomsa amenuna, ila ndiye aliyebeba mawili. Suzan wa ghorofa ya pili kaleta manne. Thierry mlinzi kaleta manane, ana vitanda viwili.

Mashimo thelathini bado yako wazi, na wewe unasoma karatasi hii ngazini huku wingu limesimama juu ya Turffontein. Saa tisa litakuwa hapa. Acha kusoma. Panda, inua kitanda, andika jina lako, uteremke na tofali. Sasa hivi. Firmin ameshakoroga saruji.