Picha Huivia Njiani

Jumapili baada ya ibada, Leah alivaa kitenge chake cha njano, akamsimamisha mumewe Fredrick mbele ya magunia ya alizeti, akaegemeza simu kwenye kinu na kujipiga picha naye. Ilitoka vizuri. Fredrick alikuwa amekunja uso, lakini huo ndio uso wake. Leah akamrushia, na ilipofika kwenye simu ya Fredrick picha ikawa na mtu wa tatu. Nyuma yao, mlangoni mwa nyumba, alisimama Magdalena, mke wa kwanza wa Fredrick. Magdalena alikuwa amefariki kwa homa, mwaka wa tatu sasa, bila kuacha mtoto.

"Magdalena yupo," alisema Fredrick.

"Namwona," alisema Leah.

Ukoo ule haukuwa na grupu. Lilikuwapo, likavunjika kwa ugomvi wa shamba, na tangu hapo picha zilikwenda simu kwa simu. Fredrick alimrushia dada yake Rahel, kule Itigi. Rahel akamrushia mdogo wao Deo, Singida mjini. Deo ndiye aliyemrushia mama yao, Mama Evodia, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua uleule pale Misigiri, karibu kiasi kwamba Leah akikaanga vitunguu yeye hupiga chafya. Mama Evodia alifungua picha za Deo tu, kitinda mimba wake. Za wengine alisema zinamchanganya.

Kila picha ilipohama simu, Magdalena alisogea. Kwa Rahel alikuwa amefika uani. Kwa Deo alikuwa bega kwa bega na Fredrick, na Leah amesukumwa hadi kwenye gunia la mwisho. Ilipomfikia Mama Evodia, kitenge cha njano kilikuwa mwilini mwa Magdalena, na Fredrick alikuwa anacheka, meno yote nje. Leah hakuwamo, isipokuwa kivuli chake juu ya gunia.

Mama Evodia alimwita Leah kuiona; Leah alirudi nyumbani akafungua sanduku. Kitenge kilikuwemo, ila kimekunjwa vingine, na kinanukia mafuta ya nazi ambayo yeye hapaki.

Rahel alipiga simu siku ileile. "Wifi, Magdalena kanenepa," alisema. "Inaonekana huko wanakula."

Leah aliona wivu, na hakuna haja ya kuzungusha maneno. Mke mwenza aliye hai ana dawa: utamnunia, utamsema kisimani, siku mkichoka mtagombana yaishe. Marehemu hasemwi vibaya. Hapiki, kwa hiyo haunguzi. Haongei, kwa hiyo hakosei. Leah ndiye aliyesonga ugali wa watu wote wale walipokuja kuvuna, halafu katika picha za siku ile, kwenye simu zao, aliyekaa mkekani nao alikuwa mwingine.

"Mwambie asogee," alimwambia Fredrick.

"Nimwambie nini? Amekaa zake, hajamgombeza mtu."

"Amekaa mahali pangu."

Fredrick akafikiri. "Na wewe ulikaa pake," akasema, si kwa ubaya, akaenda kuwafungia ng'ombe.

Basi Leah akaamua kukata njia. Alivuka ua, simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Picha hii nimekurushia mwenyewe, moja kwa moja, isizunguke."

Mama Evodia akavaa miwani. Katika picha ile Leah alikuwa katikati, na Magdalena yuko mbali mlangoni, mdogo. Mama Evodia aliitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Hii bado haijaiva," akasema kwa upole. "Nitasubiri ya Deo."

Mama Evodia hakuwa mtu mbaya. Alimfungia Leah mayai ya kuondokea.

Kisha Leah akapata mtoto wa kike, wakamwita Dina. Hapo wivu ukapoa kwa mara ya kwanza, kwa sababu hiki Magdalena hakuwa nacho. Leah alilijua hilo, akafurahi kulijua, na hakuona haya. Siku ya ubatizo alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, Fredrick akawapiga picha kwa simu ya Leah. Angeweza kuiacha humohumo, maana katika simu yake hakuna aliyewahi kumsogeza. Lakini alitaka yule mwenzake apite simu zote zile mikono mitupu, na watu wamwone.

"Mrushie wifi," alisema. "Leo leo."

Picha ikaenda Itigi, ikaenda Singida, ikarudi. Jioni Mama Evodia aliita kutoka ng'ambo ya ua.

"Leah, njoo uone."

Magdalena alikuwa amekaa kwenye kigoda na Dina mapajani. Alimshika vizuri, kichwa cha mtoto kimeegemea mkononi inavyotakiwa. Dina alikuwa anatabasamu. Pembeni ulibaki mkono wa Leah mpaka kiwiko, umeshika nepi.

"Sasa hii imeiva," alisema Mama Evodia, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Maskini, naye amepata."

Ilisafishwa Kiomboi, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni kwa Fredrick. Msumari aliupigilia Leah, kwa kuwa Fredrick alikuwa shambani. Wageni walipokuja walimtazama mtoto, wakatazama ukutani, wakasema amefanana na mama yake kabisa. Leah aliwamwagia maji ya kunawa.

Alizeti ilipouzwa, Fredrick alimnunulia mkewe simu mpya, kwa sababu ile ya zamani kioo chake kilikuwa kimepasuka, na akajitolea kumhamishia picha zote. Leah alisema ya zamani inatosha. Fredrick akawasimulia watu kwamba mke wake hapendi makuu.

Dina alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa mama, na alilisema akitazama ukutani. Leah alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Akaitika, "Abee," akaendelea kupepeta.